Nimekariri maneno magumu ya Kiingereza kwa miezi mitatu, na barua yangu ya kazi imechekwa

Karani wa Mpakani:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliokwisha kuipita njia hii. Nilikulia katika kambi ya askari, ambako sisi watoto wa makabila mbalimbali tulielewana kwa Kiswahili tangu tukiwa wadogo, na Kiingereza nilikikuta darasani tu. Leo ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kiingereza cha kazi kinanitosha: najaza hati, najibu barua pepe, nasoma matangazo ya ushuru. Lakini natamani kusoma shahada ya uzamili, na kila ninaposoma makala ya kitaaluma nahisi kama mtu anayesikiliza mazungumzo kupitia ukuta.

Mwezi wa Januari nilinunua daftari nikaanza kunakili maneno kutoka kwenye kamusi, 20 kila usiku, kuanzia herufi A. Nilijiwekea sharti moja, kwamba nichukue yale tu ambayo sijawahi kuyasikia, kwa kuwa niliamini hayo ndiyo Kiingereza cha wasomi. Ndiyo maana nina "abnegation", "abstemious", "acrimonious" na wenzao. Hadi mwisho wa Machi nilikuwa nimeingia herufi D, na daftari lilikuwa na maneno zaidi ya 1,700. Juzi mke wangu alilichukua akanitajia maneno 30 kwa kurukaruka kurasa, nami nikajua maana ya manne.

Hilo ningelivumilia, kama si aibu iliyofuata. Niliomba nafasi ya juu zaidi katika kampuni nyingine, na katika barua nikaandika kwamba mimi ni "notorious" kwa uaminifu na kuwahi kazini. Neno hilo sikulitoa katika daftari langu, maana N bado iko mbali; nililiona katika kamusi ndogo ya mfukoni iliyolieleza kwa neno moja tu, maarufu. Siku ya mahojiano, ofisa mmoja aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya wenzake wawili, wakacheka, kisha akaniuliza kwa upole kama nina kesi yoyote polisi.

Swali langu ni hili: kosa liko katika kumbukumbu yangu, katika wingi wa maneno, au katika njia yenyewe? Na mtu anajuaje kwamba neno hili la juu linafaa kujifunzwa na lile halifai?

Mwalimu wa Mbale:

Ndugu Karani, pole kwa yaliyokupata. Nimefundisha Kiingereza cha sekondari kwa miaka mingi, na daftari kama lako nimeliona mikononi mwa wanafunzi wengi wa S.6, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, hasa wale wenye bidii kupita wengine. Kumbukumbu yako haina ugonjwa.

Nianze na neno lililokuaibisha. Kwa Kiswahili "notorious" si maarufu, ni sugu. Tunasema jambazi sugu, mdaiwa sugu, mkwepa kodi sugu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayejitambulisha katika barua kama mfanyakazi sugu. Tofauti ya maarufu na sugu hukufundishwa na mtu. Uliipata kwa kulisikia kila neno mara nyingi likiwa na jamaa zake. Kamusi yako ya mfukoni ilikupa neno likiwa peke yake, limetengwa na jamaa hao, nawe ukalipeleka kwenye nyumba isiyo yake.

Jamaa wa neno ndio nusu ya maana yake. Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili akakariri kwamba piga maana yake ni "hit", halafu akakutana na piga pasi, piga simu, piga magoti na piga mswaki. Atadhani sisi ni watu wa vurugu. Kiingereza nacho kina mambo hayohayo: kosa la jinai kwao ni la "commit", lakini kosa la hesabu ni la "make", mvua kubwa ni "heavy", ilhali upepo mkali ni "strong", na chai ya rangi iliyokolea nayo ni "strong". Hakuna kanuni itakayokueleza kwa nini. Kwa hiyo usiandike neno pweke daftarini. Andika neno pamoja na lile linalotembea nalo, katika sentensi uliyoikuta mahali fulani kweli, si uliyoitunga usiku ukiwa na usingizi.

Sasa suala la uchaguzi, ambalo naona ndilo limekupotezea miezi mitatu. Neno kuwa geni kwako hakulifanyi kuwa la juu. Huenda ni adimu tu. "Abstemious" unaweza kusoma magazeti ya Kampala mwaka mzima usiligonge hata mara moja. Watafiti wa lugha walikwisha kuifanya kazi ya kuchambua. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000, ambayo mtu aliyemaliza sekondari kwa kawaida anayajua. Mwaka 2000 Averil Coxhead, katika Chuo Kikuu cha Victoria kule Wellington, New Zealand, alikusanya maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali yenye jumla ya maneno milioni 3.5, akayaweka kando yale ya West, kisha akaangalia ni yapi yanayojirudia katika fani zote. Alipata familia 570 tu za maneno, na hizo 570 peke yake hufunika takriban asilimia 10 ya andiko lolote la kitaaluma. Katika kila ukurasa, neno moja kati ya kumi. Huo ndio ukuta unaousikilizia.

Tazama baadhi ya yale yaliyo mwanzoni kabisa mwa orodha hiyo: "assess", "assume", "constitute", "derive", "establish", "estimate", "export". Nina hakika ukiyasoma unayatambua. Lakini lini mara ya mwisho uliandika "derive" mwenyewe, bila kuigiza? Kutambua neno ni jambo moja, kulitumia ni jingine, kama vile kumjua mtu kwa sura kusivyokupa ruhusa ya kumkopa fedha. Wanafunzi wangu wengi wana pengo hapo, katika maneno ya kati wanayoyaelewa nusu, wakati wao wanahangaika na maneno ya kileleni.

Nimesema familia kwa makusudi. Sisi kutokana na soma tunapata msomi, somo, usomaji, somesha, someka, na mtoto wa darasa la pili anazipanga zote bila kujua kwamba anafanya sarufi. Fanya vivyo hivyo kwa "assess", yaani kukadiria: kuna "assessment", "assessor", "reassess". Wewe "assessment" unalishika kila siku kwenye karatasi za ushuru, kwa hiyo familia hiyo tayari ina mwenyeji nyumbani kwako.

Kuhusu kusahau, jambo hili lina historia ndefu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akachapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, halafu kasi inapungua. Daftari linakusaidia kuandika, halikurudishii kitu. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza njia ya maboksi ambayo mimi naitumia darasani kwa karatasi ya manila na maboksi matatu ya viatu. Kata manila kadi ndogo. Mbele andika sentensi yenye pengo, nyuma andika neno lililotolewa. Kadi mpya zinakaa boksi la kwanza, ambalo unalipitia kila siku. Ukipata, kadi inahamia la pili, linalopitiwa mara mbili kwa wiki, kisha la tatu, mara moja kila baada ya wiki mbili. Ukikosa, hata ikiwa imefika la tatu, inarudi la kwanza bila kusamehewa. Kuna programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo, lakini mimi napenda kadi kwa sababu haziishiwi chaji.

Maneno 10 kwa wiki yanatosha. Orodha nzima itakuchukua mwaka mmoja na wiki chache. Hizo herufi nne ulizozigusa, zifungie kabatini.

Mtoto wa Uvira:

Nawasalimu wote. Mimi natoka Kongo, naishi Kampala, na shule niliisoma kwa Kifaransa. Naomba niongeze upande ambao Mwalimu hakuugusa, yaani ugumu wa neno unategemea umetokea wapi.

Nilipoanza Kiingereza hapa, majirani zangu Waganda walinishangaa. Nilikuwa nasema "commence", "abandon", "augment", "tolerate", wakadhani nimesoma sana, kumbe nilikuwa nabadilisha mkia tu wa maneno ya Kifaransa. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne kadhaa baada ya hapo watawala walizungumza Kifaransa huku wakulima wakizungumza Kiingereza. Mpaka leo mnyama akiwa zizini anaitwa kwa jina la mkulima, "cow", "pig", "sheep", lakini akifika mezani kwa tajiri anapewa jina la Kifaransa, "beef", "pork", "mutton". Ndiyo maana mengi ya maneno yanayoitwa ya juu kwa Kiingereza ni ya kawaida kabisa kwetu tuliosoma Kifaransa au Kilatini.

Lakini hilo lilinipa kiburi kilichoniponza. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba tu, hata kuomba maji. Niliandika barua kwa ofisi moja nikisema "I demand" wanipe nakala ya hati yangu, nikijiona mpole, nao wakaisoma kama madai ya mtu aliyekasirika. Niliambiwa nirudi nikiwa nimetulia. Mara nyingine nilimwambia mwenye nyumba kwamba kodi nitaleta Ijumaa, "eventually". Kwetu "éventuellement" ni huenda, ikiwezekana. Yeye alisikia kwamba nitalipa siku moja, hatimaye, Mungu akipenda.

Na kilichonitesa zaidi hakikuwa maneno marefu. Yalikuwa mafupi yanayoungana. "Tolerate" lilikuwa langu siku ya kwanza, ila "put up with" nililisikia mwaka mzima bila kulielewa, na hali maana ni ileile, kuvumilia. "Abandon" nalijua, "give up" linanikimbia. "Examine" rahisi, "look into" nikadhani ni kuchungulia dirishani. Kila neno lake ni la darasa la kwanza, ukiyaunganisha yanakuwa kitu kingine. Ndugu Karani, ukitengeneza kadi za manila, usiwadharau hawa wafupi. Kwenye mazungumzo ndio wanaotawala, na Mwingereza anayaona mepesi kiasi kwamba hatakupunguzia mwendo.

Mkalimani Mstaafu:

Nimetafsiri mahakamani kwa miaka mingi, Kiingereza, Kiganda na Kiswahili. Ndugu yetu wa Uvira kasema kweli juu ya Kifaransa, na mahakama ya Kiingereza ni ushahidi mzuri: "judge", "jury", "verdict" yote yalipitia mlango huo. Sisi pia tuna mlango wetu. Hakimu, hukumu, mahakama na hata hekima ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na anayeuona mzizi huo haogopi neno la tano atakalokutana nalo. Kiingereza kisomwe kwa jicho hilo. Ukijua kwamba "bene" ni wema na "mal" ni ubaya, basi "benefit", "benefactor", "benevolent", "malice" na "malnutrition" hayaji tena kama wageni watano wasiojulikana.

Ila nina onyo moja. Watu hujifunza maneno mengi ya Kiingereza kisha wakayatafsiri yote kwa neno moja la Kiswahili. Vijana niliowafundisha kazi walikuwa na "reduce", "mitigate", "alleviate" na "curb", na kwao yote yalikuwa kupunguza. Hapo hujajifunza maneno manne, umejifunza moja kwa tahajia nne. Mahakamani "mitigation" ni pale mtu amekwisha kutiwa hatiani na wakili wake anasimama kuomba adhabu nyepesi: kosa liko palepale, kinachopunguzwa ni makali. Maumivu na umaskini ndivyo vya "alleviate", kwa maana ya kumpa mtu nafuu. "Curb" ni kudhibiti kitu kisienee, kama magendo. Kwa hiyo kabla ya kulitafuta neno la Kiingereza, nyoosha kwanza Kiswahili chako, uone unataka kushusha, kutuliza, kudhibiti au kupunguza makali. Anayevurugika katika lugha yake, Kiingereza hakitampanga.

Dada wa Ntinda:

Kwa heshima zote kwa Mwalimu, mimi kadi zilinichosha baada ya wiki tatu. Kilichonisaidia ni kusoma tahariri ya gazeti moja kila asubuhi, New Vision au Daily Monitor, nikipigia mstari maneno mawili tu, kisha jioni kumsimulia kaka yangu ile hoja kwa kutumia maneno hayo mawili. Alikuwa akinikatiza kila nikibabaika. Pengine maboksi yanawafaa watu wanaopenda utaratibu kuliko mimi.

Kama uzamili unaoutaka ni wa ng'ambo, kuna uwezekano mkubwa utaambiwa ufanye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kama mimi. Katika kuandika na katika kuzungumza, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne, na kila kimoja kinabeba robo ya alama. Wanachopima si uadimu wa neno peke yake, bali pia kama limekaa mahali pake, kwa hiyo "notorious" yako ingekupunguzia, isingekuongezea.

Jambo jingine ni Kiingereza chetu cha Uganda, ambacho nakipenda lakini hakivuki mpaka vizuri. Ukimwambia mtahini "you are lost", atakuonyesha njia, kwa sababu hajui kwamba unamaanisha umepotea siku nyingi. Ukimwomba "extend" ili ukae kwenye benchi, atajiuliza arefushe nini. Na "dirten" tunalolitumia kila siku si la kawaida kwa Waingereza. Wao husema "dirty" hata likiwa kitenzi. Mimi nilitenga ukurasa mzima wa maneno ya aina hiyo, na ulinifaa kuliko orodha yoyote ya maneno magumu.

Mwalimu wa Mbale:

Dada, sina ubishi. Kumsimulia mtu ni bora kuliko kadi, ikiwa unaye kaka mwenye subira. Nyongeza ndogo: katika General Paper, mtihani wa maarifa ya jumla wa S.6, watahiniwa huulizwa maana ya maneno kama yalivyotumika katika kifungu, na kila mwaka wapo wanaoandika maana ya kamusi iliyo sahihi kabisa na kukosa alama, kwa kuwa kifungu kilikusudia maana nyingine. Karani, ukisoma tahariri hizo, kisia maana kwanza, ndipo ufungue kamusi. Na kamusi iwe ile ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, ambayo hufafanua kila kitu kwa maneno rahisi elfu mbili au tatu na kukupa mfano.

Karani wa Mpakani:

Nawashukuru sana, na Mzee Mkalimani shikamoo. Wiki mbili zimepita. Daftari liko kabatini kama nilivyoagizwa, ingawa mke wangu ananidai shilingi za kalamu zilizoisha. Nina kadi 20, sita kati yake ni za wale wafupi wa ndugu wa Uvira, na "put off" imerudi boksi la kwanza mara tatu. Nimegundua pia kwamba nusu ya maneno ya orodha ya Coxhead yalikuwa mezani pangu kazini siku zote, kwenye hati ninazozipiga mihuri bila kuzisoma.

Nimeandika upya ile sentensi ya barua. Sasa inasema: "For four years I have assessed customs duty on various goods and corrected errors before submission." Naomba mnikosoe bila huruma.

Mwalimu wa Mbale:

Sehemu ya mwisho ni safi, maana mtu anaona kazi yako. Futa "various", taja bidhaa mbili au tatu unazozijua vizuri. Halafu nikuulize: ushuru huo unaukadiria wewe, au Mamlaka ya Mapato?

Karani wa Mpakani:

Ni wao, Mwalimu. Mimi nahakiki hati za mafuta, saruji na vipuri kabla hazijawafikia. Basi ni "verified". Kadi ya "assess" nimeirudisha boksi la kwanza.